Kumkagua Ndugu, Je, Ni Kumshuku?



Chama chochote kikishakuwa na fedha za kutosha, kiwe ni kikundi cha akina mama, chama cha kuweka na kukopa, au kamati ya ujenzi wa kanisa, hutokea siku mtu mmoja akasimama mkutanoni na kusema, "Tumtafute mhasibu atukagulie hesabu." Hapo watu hunyamaza. Mtunza hazina huinamisha kichwa, na wengine hunong'ona kwamba mwenzetu ametukanwa. Yafaa tujiulize: je, kumkagua ndugu ni kumshuku? Na kama sivyo, ni nani anayestahili kuifanya kazi hiyo?

Wanaokataa ukaguzi wana hoja yao, wala hatuidharau. Husema kwamba wapendanao hawadaiani hesabu. Wengine hutuonyesha Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, panaposimuliwa kwamba watu waliokabidhiwa fedha za kutengeneza hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Ni kweli. Lakini sura hiyo hiyo yaeleza kwamba kabla fedha hizo hazijawafikia, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuwa wamekwisha kuzihesabu pamoja. Uaminifu ulikuwapo, na kuhesabu kulikuwapo.

Tena tumfikirie mtunza hazina mwenyewe. Tulimfahamu mama mmoja mjane aliyeshika fedha za kikundi chake kwa miaka mingi, na daftari lake lilikuwa safi. Mwaka mmoja akaezeka nyumba yake kwa mabati mapya. Mwanawe aliyekuwa kazini mjini ndiye aliyempelekea fedha, lakini maneno yakaanza kisimani na sokoni. Kikundi hakikuwahi kukaguliwa hata mara moja, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kuwanyamazisha wasemaji. Hakushtakiwa, na kwa sababu hiyo hakuweza kujitetea. Mwishowe aliacha kuhudhuria mikutano. Ni nani aliyemtendea mema mama huyu: wale waliosema ukaguzi ni matusi, au yule ambaye angemleta mkaguzi mapema? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba jina jema nalo hupotea vivyo hivyo.

Wengine hukubali ukaguzi, lakini husema, "Mbona mpwa wa mwenyekiti ni karani hodari? Atatufanyia bure." Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu twajua kwamba mtihani wa mwisho husahihishwa na mtu asiyemjua mwanachuo kwa sura, na juu ya karatasi huandikwa namba badala ya jina. Hatukumwona mwanachuo aliyelia kwamba ametukanwa. Aliyefaulu alifurahi, maana hakuna aliyeweza kusema kwamba amebebwa na mjomba. Ndivyo ilivyo kwa hesabu. Mpwa wa mwenyekiti aweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini neno lake halitamsaidia mwenyekiti siku ya mashaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi mgeni huyo tumtambueje? Hapa Tanzania ipo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria namba 33 ya mwaka 1972. Bodi hii hutunga mitihani ya CPA, huandikisha wahasibu, na huweza kumwadhibu anayevunja masharti ya kazi. Tuangalie vizuri jambo moja: si kila aliyefaulu mitihani hiyo ana kibali cha kukagua hesabu za watu na kuzitilia sahihi. Wengi wameajiriwa maofisini na hawana kibali hicho. Kwa hiyo tumwombe mtu jina lake kamili na namba yake ya uandikishaji, kisha tuulize kwenye Bodi yenyewe kama kibali chake ni cha mwaka huu. Mwenye haki hatakasirika.

Kabla ya hapo tujue tunataka kazi gani. Kuandika vitabu ni kazi moja, kushughulikia kodi ni nyingine, na kukagua ni nyingine tena. Aliyeandika vitabu asivikague yeye mwenyewe. Mapatano yawe kwa maandishi: kazi gani, malipo kiasi gani, itakwisha lini. Na akitokea mtu anayeahidi hati safi kabla hajafungua daftari, tumshukuru na kumsindikiza mlangoni.

Ofisi nyingi za wakaguzi ziko Dar es Salaam, nasi wa mbali hupata taabu. Tuulize kwanza dayosisi, shule na hospitali zilizo jirani ni nani anayewakagua. Vyama vya ushirika navyo vina COASCO, shirika la ukaguzi lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mkaguzi afaaye ni yule awezaye kufika akaona stakabadhi, saruji na bati kwa macho yake. Awe karibu kwa safari, asiwe karibu kwa damu.

Gharama nayo ni neno la kweli. Kikundi chenye akiba ndogo kisimalize akiba hiyo kwa kumlipa mkaguzi. Kwacho yatosha wanachama wawili wasio viongozi wahesabu fedha, walinganishe na daftari, na kusoma matokeo mbele ya wote. Lakini penye kiwanja, jengo au mkopo wa benki, kuogopa malipo ya mkaguzi ni kubana senti na kumwaga shilingi.

Wala tusimdai mkaguzi yasiyo yake. Yeye hupima sehemu ya hesabu na kutoa maoni yake. Hasomi mioyo ya watu, na hati safi si kiapo kwamba hakuna senti iliyopotea. Kazi ya kuchagua watu wema inabaki kwetu.

Ndugu zetu, mkutano wa mwaka utakapofika, asisubiriwe mwanachama mwenye manung'uniko kuleta shauri la ukaguzi. Na alilete mtunza hazina mwenyewe, nasi sote tuinue mikono kumuunga mkono. Hapo hakuna atakayeinamisha kichwa.