Ufa wa Kuzibwa na Ufa wa Kuachwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawakusema ni ufa upi. Kabureta ya SU, iliyobuniwa Uingereza na kufungwa katika magari kama Morris Minor, humrejesha fundi kwenye swali hilo kila anapoifungua.

Ndani yake mna pistoni inayopandishwa na mvuto wa injini. Pistoni hiyo haina ringi, wala haigusi ukuta wa chemba yake. Baina yao pana mwanya mwembamba, nao ndio uhai wa chombo. Ili kuupima, fundi husafisha sehemu zote mbili, huondoa springi, huziba matundu ya pistoni, huzigeuza juu chini, kisha huiachia chemba ishuke. Kwa kabureta ya inchi moja na robo, mshuko huo huchukua sekunde 3 hadi 5. Kwa kubwa zaidi, 5 hadi 7. Ikianguka ghafla, hewa inavuja kupita kiasi. Ikikwama, pana uchafu au kilichopinda.

Uko ufa wa pili, usiokusudiwa na mtu. Ekseli ya kilango cha hewa ikilika, hewa isiyo na kipimo hupenya pembeni, na injini hutetemeka gari liliposimama. Dawa yake ni bushi mpya. Lakini ipo njia ya mkato: kuigeuza nati ya mchanganyiko, petroli izidi, mtetemo upungue. Mnunuzi husikia injini iliyotulia, akalipa.

Je, fundi huyo amesema uongo? Hakutamka neno, na nati ile imewekwa ili igeuzwe. Atajitetea pia kwamba mwenye gari hana uwezo wa kununua bushi. Utetezi huo ungesimama iwapo mwenye gari angeambiwa, akachagua mwenyewe. Asipoambiwa, hulipia ufa ule kila ajazapo tangi, asijue anacholipia. Uongo hauhitaji ulimi; utulivu wa injini umeshuhudia yasiyokuwapo.

Basi uaminifu si kutokuwa na mwanya. Chombo kisicho na mwanya hukwama, na binadamu hali kadhalika. Uaminifu ni kuukubali mwanya uliopimwa, kuuziba ule uliotokana na kulika, na kutoufunika mmoja kwa jina la mwingine.