Kamera Gani ya Kwenda Nayo Tibirinzi?



Vijana wenzangu, leo naleta swali ambalo ukilisikia haraka utasema ni la dukani, halihusiani na imani. Nyumbani kwetu hapa Chake Chake tumelijadili wiki mbili sasa. Mama mdogo anakuja kutoka Peramiho na wanawe watatu, watoto ambao hawajawahi kuiona bahari hata siku moja. Watavuka na boti hadi Mkoani, watakaa nasi sikukuu yote ya Idi, na tumeshawaahidi siku ya kwenda kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto, Kiwanja cha Umoja pale Tibirinzi. Kwa msiokijua, ni kiwanja cha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ndugu yake kile cha Uhuru kilichopo Kariakoo, Unguja. Baba amevunja kibubu, kuna laki sita za kamera, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua, kwa kuwa ndiye ninayepiga picha za kipaimara na ndoa hapa parokiani.

Kabla sijaendelea, kuna atakayeuliza: ninyi Wakatoliki Idi inawahusu nini? Sisi huku ni wachache sana, ndugu zangu. Unaishi katikati ya majirani Waislamu, pilau ya Idi inaingia kwako kabla hujaamka vizuri, na Krismasi unarudisha sahani ikiwa na kitu. Bembea za Tibirinzi zinajaa siku nne za sikukuu, na watoto wetu wamo humo humo. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilikwenda pamoja karibu mwezi mzima. Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi wakati majirani wameshaanza kufunga siku chache nyuma. Huku jambo kama hilo hulisomi kwenye kalenda, unaliona jioni kwenye moshi wa majiko.

Tuanze na dukani basi. Mtoto kwenye bembea ni kitu kigumu kupiga. Hakai. Ukitaka atokee bila ukungu unahitaji kamera inayofungua na kufunga jicho haraka, kama sehemu 1 ya 500 ya sekunde, na kwa kasi hiyo unahitaji mwanga mwingi. Shida ni kwamba sikukuu huku huchangamka alasiri na magharibi, jua likiwa linakwenda zake. Simu nyingi zina kihisi mwanga kidogo kuliko ukucha, kwa hiyo giza likiingia picha inajaa chenga. Kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo cha simu kwa kawaida si kusogea. Unakata tu kipande cha katikati na kukikuza. Kamera kubwa yenye lenzi ya kubadilisha inashinda hapo, bila ubishi. Ila hewa yetu ina chumvi na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wenye unyevu huota kuvu ndani kama mkate. Ukiwa nayo, itie vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usibadilishe lenzi ukiwa juu ya boti. Kuna pia zile ndogo za kuvaa kifuani, GoPro na jamaa zake, haziogopi maji. Kaka yangu anaitaka hiyo. Anajiona tayari ameipiga ile bembea kutoka ndani.

Hapo ndipo baba, ambaye huwa hasemi sana, aliuliza: hizo picha ni za nini?

Kiukweli sikuwa na jibu la haraka, na nadhani wengi hatuna. Tunasema ni za kumbukumbu. Sawa. Lakini mwaka 2014 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha utafiti kuhusu watu aliowatembeza kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine wakavitazama tu, vingine wakavipiga picha. Kesho yake walikumbuka kidogo zaidi vile walivyovipiga picha. Ni kama kichwa kinasema, kamera imeshika, mimi nipumzike. Ila waliposogeza lenzi kwenye sehemu moja ya kitu, wakailenga hiyo, kumbukumbu haikupungua. Nimeipenda sana hiyo ya pili. Maana yake si kwamba kamera ni adui. Mtu anayechagua kitu cha kutazama bado anatazama. Anayepiga kila kitu ndiye amekabidhi macho yake kwa mwingine.

Wazee wetu walijua kuchagua kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Studio ya Capital Art pale Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipokea familia zilizovaa vizuri zikakaa mbele ya pazia. Kabla ya picha palikuwa na mazungumzo ya nyumbani: nani akae, nani asimame, bibi ashike mtoto yupi. Mkanda ulikuwa na picha 36 na ukiisha umeisha. Siwatamani warudi na shida zao, mkanda ulikuwa ghali na wengi hawakupigwa picha hata moja maishani. Nasema tu uamuzi ulitangulia.

Sasa fungueni Kutoka sura ya 16. Sote tunaijua habari ya mana: okota ya leo, usilaze. Waliolaza waliikuta asubuhi ina mabuu na inanuka. Mahubiri mengi huishia hapo, na mtu wa kuchukia simu angefurahi aishie hapo hapo. Lakini endelea kusoma sura hiyo hiyo mpaka mwishoni. Mungu anamwagiza Musa mana ya kipimo cha pishi moja iwekwe kwenye chombo, itunzwe, ili vizazi vitakavyokuja waione. Mungu yule yule! Aliyekataza kulimbikiza ndiye aliyeagiza kuhifadhi. Na iliyohifadhiwa kwa agizo haikuoza. Pishi tunaijua huku, ni kipimo chetu cha sokoni, cha mtu mmoja kwa siku. Hakusema jazeni ghala.

Mimi sioni namna ya kusoma sura hiyo nikatoka na sheria kwamba kupiga picha likizoni ni udunia. Kumbukumbu ni amri. Misa yenyewe ni ukumbusho. Lakini pia sioni namna ya kutoka humo na picha 900 za siku moja ambazo hakuna atakayezifungua.

Petro naye, kule mlimani kwenye Marko 9, alipoona utukufu wa Bwana alitaka kujenga vibanda vitatu. Alitaka ile saa isipite, na Injili inasema hakujua aseme nini, maana walikuwa na hofu. Namwelewa kabisa, nisingekuwa na simu ningetaka kibanda. Wakati wa kushuka Yesu akawakataza wasimwambie mtu walichokiona mpaka afufuke. Yaani hakuna stetasi! Na Papa Fransisko, katika katekesi yake ya 8 Novemba 2017 kuhusu Misa, alilalamika kuona simu zimeinuliwa kanisani, tena si za waumini tu, hata za mapadre na maaskofu. Padre anatuambia tuinue mioyo, alisema, hatuambii tuinue simu.

Kaka yangu alinijibu kwa hoja nzuri, na sitaki kuipita. Alisema: mkanda ulikuwa na gharama, picha za siku hizi ni bure, kwa nini tujibane? Piga mia, chagua tano usiku. Ningekubali, kama gharama ingekuwa shilingi tu. Wale watoto wa mama mdogo watapanda bembea mara ya kwanza na watageuka kutafuta uso wa mtu wao. Wataona uso au wataona kioo cha nyuma cha simu. Hiyo ndiyo bei, na haipungui kwa sababu memori kadi ni kubwa.

Lakini jambo lililonifanya nibadili kabisa namna ya kuchagua si hilo. Ni la jirani.

Nyuma ya nyumba yetu anakaa mama mmoja wa Kipemba mwenye binti wa miaka sita. Sikukuu moja iliyopita mgeni fulani, simfahamu wala sitamtaja alikotoka, alipita mtaani asubuhi na kamera kubwa kweli kweli. Yule binti alikuwa nje amechuchumaa, kavaa gauni la nyumbani lililochanika bega, maana mama yake alikuwa ndani anapiga pasi gauni jipya la Idi. Mgeni akapiga, akatabasamu, akaenda zake. Baada ya wiki chache picha ikaanza kuzunguka kwenye makundi ya simu, na maneno ya kuomba msaada kwa watoto maskini wasio na sikukuu. Ilikuwa picha nzuri sana, mwanga mzuri, macho ya mtoto yanang'aa. Ilifika mpaka kwa ndugu zao walioko Omani, wakapiga simu kuuliza kumetokea nini.

Mama yule hakugomba. Alimwambia mama yangu neno moja tu: "Angenisubiri dakika kumi."

Nimelibeba neno hilo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofafanua amri ya nane namba 2492, inataka kila mtu awe na kiasi kinachostahili kuhusu maisha ya faragha ya wengine. Ukiisoma haraka unadhani inazungumzia wanasiasa na magazeti. Lakini mtoto aliyechuchumaa mlangoni kwao yuko kwenye faragha yake. Na angalia kwamba kila kitu kwenye picha ile kilikuwa kweli: gauni lilikuwa limechanika, mtoto alikuwepo. Hakuna aliyebuni chochote. Uongo uliingia kwenye dakika kumi zilizokatwa. Sisi huona kamera haiwezi kusema uongo kwa kuwa haitungi, tukasahau kwamba mwenye kamera ndiye anayeamua hadithi ianzie wapi na iishie wapi.

Tena fikiria: kamera ile ilikuwa bora kuliko zote nilizozitaja huko juu. Kihisi kikubwa, lenzi kali. Binti hakubaki na kitu mkononi. Mama yake mpaka leo hana picha ya mwanawe na lile gauni jipya.

Kwa hiyo swali langu la dukani likageuka. Nikaacha kuuliza ipi inachukua vizuri, nikauliza ipi inaweza kutoa. Na zipo. Zile kamera za papo hapo, Instax, unabonyeza, karatasi inatoka, unasubiri kama dakika moja na nusu picha inajitokeza. Pakiti ina karatasi 10. Picha yenyewe ni ndogo, milimita 62 kwa 46, inaingia kwenye pochi. Karatasi hazipendi joto, usiziache kwenye gari juani. Na kasoro yake kubwa niliisema wazi mbele ya wote: si kamera ya kukimbizana na bembea. Lazima mtoto ashuke, asimame karibu, akutazame. Huwezi kumwibia. Na ukimpiga mtoto wa mtu utabaki umesimama naye na mama yake mkisubiri picha itokee, mnazungumza, na mwisho unampa.

Kaka yangu alisema hiyo ni kamera ya watoto wa shule. Baba akasema mbona tunakwenda na watoto wa shule.

Tumeamua hivi, nanyi mnaweza kuamua vingine kwa hali zenu, sijaandika amri. Tunanunua hiyo ya papo hapo na pakiti mbili, karatasi 20. Kumi za nyumbani, kumi za kugawa pale kiwanjani kwa yeyote atakayetaka na mzazi wake akaridhia. Simu ya mama itapiga video moja wakati wa kupanda bembea, moja tu, halafu itarudi mkobani. Chenji ya laki sita inaongezwa kwenye nauli, maana bibi naye wa Peramiho kasikia safari na kasema hawezi kubaki. Ana miaka 78 na miguu inamsumbua, sijui tutampandishaje ngazi za boti.

Suala la karatasi bado lina ugomvi kidogo. Mdogo wangu anahesabu majina na kila akihesabu yanazidi kumi. Mama amekwisha kata moja: karatasi ya kwanza itatumika asubuhi ya Idi kabla hatujaondoka, nyuma ya nyumba, na ameniambia nisivuke uzio mpaka niitwe.