Nani Aliosha Vyombo vya Mahipi?

Mwishoni mwa mwaka 1966, katika Haight-Ashbury, mtaa wa mahipi jijini San Francisco, ilipofika saa kumi jioni chakula kiligawiwa bure. Watu walikwenda na bakuli zao kwenye bustani ndefu iitwayo Panhandle, wakapita katikati ya fremu kubwa ya mbao, na upande wa pili wakapakuliwa mchuzi mzito. Hakuna aliyeulizwa jina wala senti. Waliougawa walijiita Diggers, jina waliloazima kwa maskini wa Uingereza ambao mwaka 1649 walivamia ardhi ya wazi wakailima, wakidai kwamba ardhi ni ya wote. Walikuwa na duka pia, ambamo ungeingia mikono mitupu ukatoka na koti.

Wanaume waliozungumza kwa niaba ya kundi hilo tunawajua: Emmett Grogan, Peter Berg, Peter Coyote aliyekuja kuwa mwigizaji wa sinema. Waliokwenda sokoni kuomba mboga zilizobaki, wakazimenya, wakazipika na kuubeba mchuzi hadi bustanini walikuwa wanawake kwa sehemu kubwa, na majina yao inabidi uyasake.

Sina ugomvi na mahipi kwa kile walichokikataa. Walikulia miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika nyumba zenye gari na friji, wakawaona wazazi wao wakikimbizana na gari jipya na friji kubwa zaidi. Vijana wa kiume walisubiri barua ya kuitwa jeshini kwenda Vietnam, vita vilivyoua Wamarekani zaidi ya 58,000 na Wavietnam wengi kupita kiasi hicho. Aliyesema haendi alikuwa na akili zake timamu. Tena vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa vimeruhusiwa Marekani tangu 1960, na binti wa miaka 20 aliweza kuyawazia maisha ambayo mama yake hakuyapata. Ila tusisahau jambo moja: mwaka 1967 wasio na kazi nchini humo hawakufika asilimia 4. Mtu huitupa ajira kwa moyo mweupe akijua nyingine zipo. Vijana weusi wa mtaa jirani wa Fillmore hawakuwa na fedha za kuzidharau.

Huku kwetu hatukuyajadili hayo. Kwetu hipi alikuwa nywele, bangi na suruali ya bugaluu. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Lamu nayo iliwapokea wageni wenyewe miaka ya sabini, wazungu wa nywele ndefu waliotafuta malazi ya bei poa kwenye nyumba za mawe. Mji ukatazama walivyovaa na walivyokosa kuvaa. Sidhani kama kuna aliyechungulia kuona nani kati yao anapika.

Mimi jikoni ndiko ninakoanzia. Kwenye shughuli zetu, wakati wanaume wamekaa chini ya turubai wanaipanga upya nchi, mtu anayetaka kuijua familia ile vizuri aende uani kwenye masufuria.

Tuangalie kiangazi cha 1967. Januari 14 mwaka huo maelfu walikuwa wamekusanyika Golden Gate Park, habari zikasambaa, na shule zilipofungwa vijana wakamiminika Haight-Ashbury kutoka kila jimbo. Makadirio hufika laki moja. Mtaa haukuwa na vitanda, vyoo wala chakula cha kutosha umati ule. Homa ya ini ikaingia, magonjwa ya zinaa yakaenea, wasichana wakabakwa. Mwandishi Joan Didion alikwenda kuwatazama, na katika makala yake ya mwaka huo alimweleza mtoto wa miaka 5 ambaye mama yake alikuwa akimpa dawa ya kulevya ya LSD. Nimeisoma makala hiyo mara nyingi na kila nikifika hapo hasira hunipanda upya. Uhuru wa mama ulikuwa umemfikia mtoto asiyeulizwa. Oktoba 6 watu wa mtaa ule walibeba jeneza barabarani wakamzika hipi kwa mfano, kuwaambia wengine wasije tena.

Hata hivyo, Juni ya mwaka uleule daktari kijana, David Smith, alikuwa amefungua zahanati ya bure pale mtaani, ikiendeshwa na madaktari na wauguzi wa kujitolea. Jeneza lilipita, zahanati ikabaki ikitibu watu kwa zaidi ya miaka 40. Kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kufungua mlango na kufuta sakafu.

Tamasha la Woodstock, Agosti 1969, hukumbukwa kwa magitaa. Watu zaidi ya 400,000 walijazana kwenye shamba la Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mhafidhina aliyeunga mkono vita vya Vietnam lakini akawagawia vijana maji na maziwa. Chakula kiliisha upesi. Walioliokoa tamasha ni jumuiya ya Hog Farm, waliopika nafaka na mboga kwa masufuria makubwa, pamoja na wanawake wa kituo cha Kiyahudi cha mji jirani wa Monticello, waliokaa wakikata mikate na kupanga sandwichi. Hao wa Monticello hawakuwa mahipi hata kidogo. Walisikia watoto wa watu wana njaa.

Wanawake wa ndani ya vuguvugu lenyewe walichoka. Januari 1970 jijini New York waliliteka gazeti la Rat, mojawapo ya magazeti ya upinzani ya vijana, wakachapa toleo lao. Wanaume waliokuwa wakihubiri mapinduzi kwa kila mtu walikuwa wamewaachia kupiga taipu na kuchemsha kahawa, kisha wakazipamba kurasa kwa picha za uchi za wanawake. Vuguvugu la haki za wanawake la Marekani lilikuwa na vyanzo vingi, na kimojawapo ni mabinti waliotoka kwenye kambi hizi za uhuru wakiwa na mikono iliyochubuka.

Kundi ninalolipenda ni la The Farm. Mwaka 1971 Stephen Gaskin na wafuasi wake waliondoka San Francisco kwa msururu wa mabasi, wakaishia kwenye ardhi ya vijijini Tennessee. Waliapa umaskini, wakala soya, wakaweka kila kitu pamoja. Madeni yaliwalemea, na mwaka 1983 ikabidi kila mtu mzima aanze kujilipia, wengi wakahama. Lakini mke wa Gaskin, Ina May, aliyekuwa amejifunza ukunga njiani kwa kuzalisha wenzake ndani ya mabasi, alikwenda Guatemala katika miaka ya sabini. Huko alifunzwa mbinu ya wakunga wa jadi: mabega ya mtoto yakikwama, mama ageuzwe, apige magoti na kujishikiza chini kwa mikono. Leo mbinu hiyo imo katika vitabu vya uzazi kwa jina la Gaskin. Yeye mwenyewe husema alikoitoa. Vitabu vimebaki na jina lake.

Na jumuiya ya Twin Oaks, jimboni Virginia, iliyoanzishwa na watu 8 mwaka 1967, bado ipo. Siri yao inachosha kuisimulia: ratiba. Kila mmoja ana saa za kazi kwa wiki, na saa ya kuosha vyombo au kulea watoto inahesabiwa sawa na saa ya kutengeneza bidhaa ya kuuza. Mahipi wa kweli wangeikimbia ratiba kama ile, na mashamba mengi waliyoyaanzisha hayakudumu.

Ninayaandika haya kwa sababu binti wa kaka yangu, mhasibu hapa Dar, amechoka na foleni na bosi wake. Yeye na wenzake saba wanataka kununua shamba Kisarawe waishi pamoja, walime, wagawane. Jina wanalo, kundi la WhatsApp wanalo, fulana zimeshachapwa. Nimefurahi, na nilimwambia hivyo. Kisha nikamuuliza nani atapika Jumatatu ya masika, kuni zimelowa.

"Tutasaidiana tu, shangazi."

Nikamuuliza kati ya wanaume wao wanne ni yupi anayeweza kusonga ugali wa watu wanane. Akafikiri, akacheka: mmoja anajua kukaanga mayai. Nimeahidi kuwachangia sufuria langu kubwa la pilau, ila halitoki nyumbani kwangu kabla sijaletewa ratiba ya zamu yenye sahihi za wote, na wiki ya kwanza awe huyo wa mayai.