Mia Mbili za Nini?

Kisa hiki ni cha kutunga, ila hesabu zake ni za kweli.

Wodi ya watoto, Bariadi. Geji za mitungi ya oksijeni zililetwa na wafadhili tofauti: nyingine husoma presha kwa bar, nyingine kwa psi. Nesi wa mchana, akitoka zamu, aliandika kwenye daftari la makabidhiano: "Mtungi: 200." Alisoma psi, kwake maana yake ni kwamba mtungi unaisha, ubadilishwe. Nesi wa usiku alizoea bar. Kwake 200 ni mtungi uliojaa. Saa nne usiku akamwekea mtoto wa nimonia lita 2 kwa dakika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mtungi wa ujazo wa lita 5 ukiwa na bar 200 hutoa kama lita 1,000 za oksijeni, zinazotosha hadi kukuche. Psi 200 ni bar 14 hivi: lita 70, nusu saa na dakika chache.

Bibi wa mtoto alikuwa akitazama mapovu kwenye chupa ya maji ambamo oksijeni hupitia. Yakapungua, yakakoma.

"Nesi, mbona maji yamenyamaza?"

Mtungi mwingine ukaletwa mbio, mtoto akapona. Mshale wa geji ulikuwa umelala karibu na sifuri tangu mwanzo. Hakuna aliyeutazama, maana daftari lilishasema.

Asubuhi bibi, mkulima wa pamba, alipoelezwa alishangaa. "Mwanangu, pale AMCOS, chama chetu cha ushirika, mtu akiniandikia mia mbili, sitoki mizanini mpaka aniambie mia mbili za nini."

Kosa hili si la wodini tu. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu paundi zilihesabiwa kama kilo. Marubani waliishusha Gimli, Kanada, bila nguvu ya injini, na abiria wote wakapona. Hata mashine ya presha ikibadilishwa kutoka milimita za zebaki kwenda kilopaskali, 120 huonekana 16, na damu ya mgonjwa haijabadilika hata kidogo.

Hospitali ichague kipimo kimoja kwa kila kazi, na geji za aina moja kwa mitungi yote. Kabla ya hapo, namba isiandikwe bila kipimo chake. Na wewe unayepokea zamu, ukiikuta imekaa peke yake daftarini, nenda kautazame mshale.