Aliyezuiwa na Udhuru Hakuachwa Nyuma

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu akautia nguvu, kisha baada ya nguvu akautia udhaifu, ili mja ajue kuwa nguvu ile haikuwa mali yake bali ni amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, safari hii twataka kusema juu ya jambo lililotokea katika darasa letu hapa Elgon View, kwa kuwa tumeona ndani yake mafunzo yanayotuhusu sote, mwenye kukimbia na asiyekimbia.

Kila akaaye Eldoret ajua kuwa alfajiri ya huku ina sauti mbili. Ya kwanza ni adhana. Ya pili, ifuatayo punde, ni mshindo wa viatu vya wakimbiaji wapitao makundi makundi katika baridi, kabla jua halijachomoza. Mji huu u juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na watu hutoka nchi za mbali kuja kufanya mazoezi katika hewa yake. Wengi katika mabingwa wamejenga nyumba zao katika mtaa wetu huu. Kwa hivyo mbio kwetu si mchezo wa watoto. Ni kazi, ni chakula, na ni karo za shule.

Katika vijana hao yumo mmoja wa darasa letu. Jina lake hatutalitaja, na haya twayasema kwa ruhusa yake. Alikuwa akisali Alfajiri kwa jamaa, kisha akitoka na wenzake sita kwenda mazoezini. Walikuwa wakijitayarisha kwa mbio za marathoni za hapa mjini, zile zilizoanza mwaka 2018. Ikatokea akaumwa na muundi wa goko. Akanyamaza, akaendelea kukimbia juu ya maumivu kwa muda wa wiki tatu, mpaka ikawa hawezi kukanyaga. Hospitali wakampiga picha, ukaonekana ufa katika mfupa. Akaambiwa asikimbie kwa muda wa wiki nane, na za kwanza atembee kwa magongo.

Tangu siku hiyo hakuonekana tena mazoezini, na hilo lilikuwa haki. Lakini hakuonekana msikitini wala darasani pia, na hilo halikuwa haki. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta chumbani, pazia limefungwa ili asiwaone wenzake wapitapo njiani. Mmoja wetu akamwuliza, "Mwanangu, mbona hatukuoni hata kwa sala ya jamaa?"

Akajibu, "Maalim, naona haya kusali juu ya kiti, na wazee walio rika la babu yangu wamesimama. Na wenzangu, kila nikiwaona najiona mimi si mtu wao tena. Wao wanakwenda, mimi nimeachwa."

Ndugu zetu, neno hili "nimeachwa" ndilo tunalotaka kulijibu, kwani si lake peke yake. Hulisema mkulima aliyevunjika mkono wakati wa kupanda, na mama aliyelazwa wakati wa harusi ya mwanawe, na mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani.

Kwanza, asije mtu akasema kuwa huzuni ya kijana huyu ni upuuzi kwa kuwa mbio ni mambo ya dunia. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), safari moja mkewe akamshinda, na baadaye yeye akamshinda mkewe, akamwambia kwa maskhara kuwa sasa wamelipana. Na Salama bin Akwaa (R.A.) alikuwa hodari wa mbio kwa miguu, akashindana na mtu wa Ansari mpaka Madina akamtangulia, wala Mtume hakumkataza. Kitu alichokihalalisha Mtume, hatuna haki ya kukidharau sisi.

Pili, na hapa ndipo kiini cha maneno yetu, tuitazame safari ya Tabuk. Ilikuwa mwaka wa 9 wa Hijra, wakati wa joto kali, njia ni ndefu na matunda ya Madina yameiva. Waislamu wakatoka na Mtume. Walipokuwa wakirejea na kuukaribia mji, Mtume aliwaambia wale waliochoka kwa jua na vumbi kuwa wako watu Madina waliokuwa pamoja nao katika kila njia waliyoipita na kila bonde walilolikata. Masahaba wakastaajabu, wakauliza vipi, na hali watu hao wako Madina? Akawajibu kuwa ndiyo, wako Madina. Wamezuiwa na udhuru. Ameipokea hadithi hii Bukhari kwa Anas (R.A.), na katika mapokezi ya Muslim kwa Jabir (R.A.) udhuru huo umetajwa kuwa ni maradhi.

Tuyafikiri maneno haya. Mtume hakusema tu kuwa wale wagonjwa wamesamehewa. Lau angalisema hivyo ingalitosha kuwaondolea lawama, lakini wangalibaki nje ya safari. Yeye aliwahesabu kuwa wamo safarini: miguu yao iko Madina, na sehemu yao iko Tabuk. Na katika hadithi nyingine, aliyoipokea Bukhari kwa Abu Musa (R.A.), Mtume ameeleza kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa amali aliyokuwa akiifanya alipokuwa mzima na yuko kwao. Kwa hivyo kijana aliyezoea sala ya Alfajiri kwa jamaa, asipoiweza kwa ugonjwa wa kweli, daftari lake halifungwi.

Lakini fadhila hii ina sharti, na wengi wetu twalisahau. Katika Sura ya Tawba, aya ya 91, Mwenyezi Mungu amewaondolea lawama wanyonge na wagonjwa na wasio na cha kutumia, wanapomsafia nia Yeye na Mtume wake. Na katika aya inayofuata amewasifu wale waliokosa vipando wakarudi na macho yao yanatiririka machozi kwa huzuni ya kukosa kwenda. Waliobaki Madina hawakuwa namna moja. Wako waliobaki kwa miguu lakini nyoyo zao zikaenda. Wako waliobaki kwa furaha, wakawacheka waliotoka. Na yuko Kaab bin Malik (R.A.), mzima wa mwili na mwenye kipando, aliyebaki kwa kusema "kesho, kesho," mpaka jeshi likamwacha, akasema kweli, akatubu, na toba yake ikakubaliwa baada ya siku 50 za kutengwa. Basi kinachomtenga mtu na wenzake ni moyo, si mguu.

Na je, aliyezuiwa huonyeshaje kuwa nia yake ni safi? Kwa kile alichobakiwa nacho. Mguu umeumia, lakini ulimi u mzima: na awaombee dua wenzake na kuwatia moyo. Mkono u mzima: na awashikie maji njiani. Macho ni mazima: na awatazamie mwendo awaambie kosa lao. Afanyaye hivi hakika yu katika mbio, ijapokuwa amesimama.

Mifano ya jambo hili tunayo hata katika dunia yetu ya leo. Mwaka 2024, katika mashindano ya Olimpiki ya Paris, mmoja wa waliochaguliwa na Ethiopia kwa marathoni alikuwa Sisay Lemma, aliyeshinda Boston mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Akaumia kabla ya siku kufika. Nafasi yake akaichukua Tamirat Tola, aliyekuwa mtu wa akiba, na Tola akashinda dhahabu kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 26, muda ambao haukupata kufikiwa katika marathoni ya Olimpiki kabla yake. Na baada ya ushindi alimtaja Sisay kwa shukrani. Na mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo, Abdi Nageeye na Bashir Abdi, wazaliwa wa Somalia, mmoja akikimbilia Uholanzi na mmoja Ubelgiji, walikuwa mwishoni mwa mbio. Nageeye, naye yu katika kupigania nishani yake mwenyewe, alikuwa akigeuka nyuma na kumpungia mwenziwe mkono amfuate. Akapata fedha, na Bashir akapata shaba. Kumvuta ndugu yake hakukumpunguzia kitu.

Na sisi watu wa Eldoret tulishuhudia mwaka 2019, tarehe 12 Oktoba, Eliud Kipchoge alipokimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Jina lililotangazwa duniani lilikuwa moja, lakini waliopokezana kumwongoza mwendo na kumkinga na upepo walikuwa 41. Basi nani athubutuye kusema kuwa aliyesaidia hakukimbia?

Baada ya hayo, yatupasa kuonya juu ya mambo matatu yaliyomjia kijana wetu katika siku zake za kitanda, kwani humjia kila mgonjwa.

La kwanza ni husuda. Kutamani kupata kheri kama aliyoipata mwenzio hakuna ubaya. Ubaya ni kutamani imwondokee. Kijana wetu alikiri kuwa usiku mmoja aliposikia mmoja wa wenzake amevutika msuli, moyo wake ulifurahi kidogo, kisha akaiogopa nafsi yake. Twamwambia yeye na wengine: khofu ile ndiyo dalili ya imani. Dawa yake ni kumwombea kwa jina yule yule unayemhusudu.

La pili ni ushirikina. Hakukosekana mtu wa kumwambia kuwa ugonjwa huu si bure, ametupiwa na mwenziwe aliyetaka nafasi yake, na kwamba iko hirizi ya kufunga mguuni. Ndugu Waislamu, mfupa wa mkimbiaji huchoka kila siku na hujijenga upya anapopumzika. Akiuzidishia mzigo kuliko unavyoweza kujijenga, hupasuka. Hiyo ndiyo sababu, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuwekea mfupa kanuni hiyo. Kumdhania mwenzako uchawi kwa jambo ambalo sababu yake imeonekana katika picha ya daktari ni kuzidisha dhulma juu ya ujinga. Na Mtume (S.A.W.) amekataza hirizi katazo la nguvu, hata akauhesabu uvaaji wake kuwa ni shirki, na ametuamrisha kujitibu, kwani kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee.

La tatu ni pupa. Wako waliomwendea na sindano, wakimwahidi kuwa atakimbia baada ya siku chache. Sindano ya kuua maumivu hainyamazishi ila mlinzi anayepiga kelele. Mwizi yungali ndani. Na dawa za kuongeza nguvu zilizokatazwa katika mashindano ni udanganyifu mtupu. Kenya ilitunga sheria ya kuzipinga mwaka 2016, lakini sheria ya Muislamu ni ya zamani zaidi: Mtume alipoingiza mkono katika chakula cha mfanya biashara sokoni akakuta maji chini yake, alimkana mwenye kughushi kuwa si miongoni mwetu. Anayeghushi damu yake hana tofauti na aliyeghushi nafaka. Na mwili una haki juu ya mwenyewe, kama alivyofundishwa Abdalla bin Amri (R.A.) alipojipa ibada kupita kiasi. Ikiwa kuudhuru mwili kwa ibada kumekatazwa, vipi kwa mbio?

Ama ile haya ya kusali juu ya kiti, haina msingi. Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa na maradhi, akamwuliza Mtume juu ya sala, akamfundisha asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Anayekaa kwa udhuru anafuata amri ile ile anayoifuata asimamaye.

Na sasa, ndugu zetu wazima, tugeuze maneno kwetu. Kijana huyu alikaa siku 19 kabla sisi hatujamwendea. Tulijua anaumwa, kila mmoja alidhani mwenziwe amekwenda. Katika hadithi kudusi aliyoipokea Muslim, siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mja kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, na mja atashangaa, kisha ataambiwa kuwa fulani aliugua, na lau angalimzuru angalimkuta Mola wake kwake. Sisi mtu akifa twachanga upesi, ng'ombe akachinjwa na pilau ikapikwa; lakini yu hai na hana fedha za picha ya mfupa, twamwambia asubiri. Tutamjibu nini Mola wetu juu ya mpango huu?

Siku ya mbio ilipofika, kijana wetu alitoka na magongo yake, akasimama kandoni mwa njia karibu na mwisho, mahali miguu inapokuwa mizito, na chupa za maji miguuni pake. Akawaita wenzake sita mmoja mmoja kwa jina. Wa mwisho wao alikuwa amekwisha kuanza kutembea na ameazimia kuacha. Alituambia baadaye, "Nilipomwona yeye juu ya magongo ananishangilia, niliona haya kuacha kitu ambacho yeye angetoa chochote akipate." Akaanza tena kukimbia, akamaliza.

Na Ijumaa iliyofuata tulimwona kijana katika safu, juu ya kiti, wenzake wawili kulia na kushoto kwake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape subira waliozuiwa, uwape shukrani walio wazima, wala usitufanye katika wanaofurahia kuanguka kwa ndugu zao. Utuandikie pamoja katika kila njia ya kheri tuliyoinuia tukashindwa kuifika. Amin.

Wabillahi tawfiq.