Chumba cha Watoto wa Wengine

Mvua zikishakatika, Nyanda za Juu Kusini huingia msimu wa tofali. Ukitoka Iyunga, palipo na stesheni ya TAZARA, ukashika njia ya Mbalizi, moshi wa matanuru utakwambia kwamba kuna watu wanajenga. Na penye parokia ndogo yenye shule ya msingi, kiangazi huja na tangazo lake baada ya misa: madarasa yanaongezwa, kila jumuiya ndogondogo ilete tofali, WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wasaidie maji na mchanga, mwenye uwezo atoe saruji. Waumini husikiliza, huinuka, huenda zao. Wamelizoea.

Kuanzisha shule kuna heshima yake. Askofu huja, jiwe la msingi huwekwa, kwaya hujipanga. Kuipanua ni jambo jingine. Shule iliyoanza na darasa la kwanza hudai chumba kipya kila Januari, mpaka wale watoto wa mwanzo wafike darasa la mwisho, na hapo hatujataja vyoo wala nyumba za walimu. Chumba cha tano au cha sita hakibebi jina la mtu. Boma likifika kwenye lenta fedha zikakata, linaweza kupigwa na mvua msimu mzima, majani yakiota mahali pa madawati. Siku ya harambee, jina lako likisomwa kwenye kipaza sauti, mkono huwa mwepesi kuingia mfukoni. Nani hukumbuka kuleta bati miezi minane baadaye, wakati hakuna anayesoma majina?

Wapo wanaokumbuka, na mara nyingi ni wale wasio na mtoto katika shule hiyo. Hapo ndipo fikra zangu hukwama. Shule nyingi za msingi za Kanisa leo hutoza ada, kwa kuwa mishahara ya walimu haitoki serikalini. Bibi aliyebeba tofali kichwani ana mjukuu katika shule ya serikali, ambako ada ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anajenga chumba ambacho mjukuu wake huenda asiketi ndani yake hata siku moja. Tumwite mkarimu tu, tuendelee na safari?

Wazee wanakumbuka jambo hili lilikotoka. Shule za misheni, zilizosimama kwa jasho la waumini, zilichukuliwa na serikali mwaka 1970, kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969, ili mtoto wa dini yoyote asome popote. Aliyeongoza hatua hiyo, Rais Nyerere, alikuwa Mkatoliki, mwalimu wa zamani wa St. Francis Pugu. Na Oktoba ya mwaka huohuo, Mwalimu alikuwa New York akiwaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lazima lisimame na maskini dhidi ya mifumo inayowafanya wabaki maskini. Wako waliouguza uchungu wa kupokonywa, na siwalaumu. Lakini kitendo kile na hotuba ile, kwa maoni yangu, vilizaliwa na swali moja: shule ni ya nani?

Baadaye milango ya shule zisizo za serikali ilifunguliwa tena, na Kanisa likarudi kujenga kwa bidii. Swali likarudi pamoja nalo. Sina ugomvi na paroko anayepanga ada. Chaki hununuliwa, uji wa saa nne hupikwa kwa kuni za kununua, na mwalimu asiyelipwa huondoka. Ila parokia inayoomba tofali kwa wote imejitwisha deni kwa wote. Deni hilo halilipwi kwa shukrani za madhabahuni, hata zikitolewa kwa sauti ya kugusa moyo. Hulipwa kwa nafasi: mtoto wa mama muuza mbogamboga, au yatima wa kigango cha mbali, kuketi dawati moja na mtoto wa mfanyabiashara bila kuulizwa risiti mbele ya wenzake.

Kila shule ya namna hii ina madaftari mawili, moja la michango ya ujenzi na jingine la wanafunzi walioandikishwa. Januari ijayo, chumba kipya kikishapauliwa, kamati iyaweke juu ya meza moja na kuyasoma pamoja. Ni koo ngapi zitaonekana katika yote mawili?