Tozo ya miamala na wasia aliopewa Mu'adh



Neno "muamala" limetoka katika fiqhi yetu. Baada ya ibada huja mlango wa muamalaat: kuuziana, kukopeshana, kuwekeana amana. Leo neno hilo limo midomoni mwa kila mtu kwa sababu ya simu. Mbeba mizigo wa Kariakoo akimtumia mama yake Sh 20,000, huo ni muamala. Mama lishe akimlipa muuza mchele, huo pia ni muamala. Na hapo ndipo serikali kadhaa za Afrika zilipoona pa kumkamatia mtu asiye na ofisi wala hati ya mshahara.

Uganda ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1 ya thamani ya muamala. Wananchi walilalamika, na mwaka huo huo ikashushwa hadi asilimia 0.5 kwa anayetoa fedha. Hapa Tanzania tozo ilianza Julai 15, 2021, kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala. Kilio kikawa kikubwa, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, ikapunguzwa tena 2022, na mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Ghana ilianza na asilimia 1.5 mwaka 2022, ikaifuta kabisa 2025.

Tuseme haki, maana tumeamrishwa uadilifu. Vituo vya afya na madarasa havijengwi kwa dua peke yake, na nchi inahitaji mapato. Lakini swali la Muislamu ni hili: Je, kinachokatwa ni ziada ya mtu au ni riziki yake?

Tazama Zaka. Allah (s.w.) ameifanya nguzo ya dini, lakini haimgusi kila mtu. Mali kwanza ifike nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85. Kisha ipite mwaka mzima mikononi mwa mwenyewe. Ndipo itolewe asilimia 2.5. Asiyefika hapo hadaiwi. Na Suratut-Tawba, aya ya 60, inamweka fakiri, maskini na mwenye deni katika orodha ya wanaopewa.

Sasa tupige hesabu. Muuza matunda wa Kampala ana mtaji wa Sh 100,000 za Uganda. Wateja wanamlipa kwa simu, naye anautoa mtaji wote mara tano kwa wiki ili akanunue mzigo. Kwa asilimia 0.5, kila mara anakatwa Sh 500. Kwa wiki ni Sh 2,500, yaani asilimia 2.5 ya mtaji wake. Kiwango ambacho tajiri anakitoa mara moja kwa mwaka, yeye anakitoa kila wiki! Na matunda yakimuozea akapata hasara, tozo haiulizi. Inahesabu mara ngapi fedha imepita, haihesabu kilichobaki.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Mu'adh bin Jabal Yemen, alimweleza kuwa Zaka huchukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Akamtahadharisha na mali zao bora, kisha akamuonya juu ya dua ya aliyedhulumiwa, kwani haina pazia baina yake na Allah. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tuzingatie: onyo hili alipewa swahaba mwema aliyekwenda kukusanya mali ya halali. Vipi kwa wengine?

Mwaka 1258 Wamongolia waliiangamiza Baghdad, wakaielekea Misri. Watawala wa Cairo wakataka kuwachangisha raia kwa ajili ya vita. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam hakukataa, lakini aliweka sharti: kwanza hazina iwe tupu, na maamiri watoe mapambo yao ya dhahabu, wabaki sawa na raia. Yaani mkubwa ajifunge mkanda kwanza, ndipo mdogo aombwe. Kipimo hicho kinatufaa hata leo, kila bajeti inaposomwa.

Na sisi je? Tumelalamikia tozo, lakini wangapi kati yetu wenye nisabu wanatoa Zaka? Wangapi wanamlipa kibarua kwa simu bila kuongeza ya kutolea, ujira wake ukamfikia umepungua? Kama mlipatana Sh 10,000, basi zimfikie Sh 10,000 mkononi. Ukimtumia mama yako, mtumie na ya kutolea. Hilo halingoji Bunge.

Tumuombe Allah (s.w.) awape viongozi wetu huruma kwa wanyonge, na atupe sisi uaminifu katika miamala yetu.

Wabillahi tawfiq.